Daftari Lilikuwa Dodoma

"Hivi katibu, lile daftari la kutembelea watu lilikwenda wapi?"

Mchungaji mpya aliniuliza hivyo Septemba iliyopita, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya kanisa letu la Moravian, Kitandililo. Upepo wa Makambako mnaujua, ule unaoleta vumbi na baridi kwa pamoja. Nikajifanya nafunga mtandio vizuri ili nipate muda wa kufikiri, maana daftari nilijua liliko. Lilikuwa Dodoma, hosteli, ndani ya begi chini ya kitanda changu.

Ngoja nianze mwanzo.

Kitandililo ni kata ndani ya Halmashauri ya Mji Makambako, mkoa wa Njombe. Ukishuka Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoiacha barabara kuu ya Mbeya, unachukua bodaboda na kuingia ndani kwenye mashamba ya mahindi, maharage na viazi. Mkoani kwetu Walutheri na Wakatoliki ndio wengi. Sisi Wamoravian ni wachache, kiasi kwamba nilipokuwa sekondari nikiandika "ushirika wetu", rafiki zangu walinisahihisha kuwa ni "usharika". Wao wanasema usharika, sisi tunasema ushirika. Nilichoka kueleza.

Nikiwa kidato cha tatu, mchungaji aliyekuwepo wakati huo aliwaita vijana baada ya ibada. Akasema kanisa linalokaa ndani kusubiri watu waje lenyewe linafanya nusu ya kazi. Akatoa mfukoni hela yake, tukanunua kaunta buku ya kwaya mbili. Yeye mwenyewe akachora mistari kwa rula: jina la kaya, kijiji, wanaoishi humo, wanachohitaji, nani alikwenda, tarehe ya kurudi. Hiyo safu ya mwisho ndiyo aliyoisisitiza. Alituambia tarehe ya kwenda kila mtu anaikumbuka kwa sababu anajisifia nayo, ila ya kurudi ndiyo inasahaulika.

Basi kila Jumamosi tukawa tunatoka wawili wawili. Hadi namaliza kidato cha sita kulikuwa na kaya 31 kwenye daftari, na si zote za Wamoravian. Kazi zenyewe hazikuwa za kupigiwa picha: kuchota maji, kupasua kuni, kumsomea mtu karatasi aliyopewa zahanati, kuuliza kama mtoto anakwenda shule. Wengine tuliwasindikiza kliniki kuchukua dawa. Tusifichane, mkoa wetu ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na virusi, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Ukisoma takwimu hizo ukiwa maktaba ni namba tu. Kwetu ina maana kuna bibi wengi wanaolea wajukuu.

Mimi nilikuwa katibu wa vijana, kwa hiyo daftari nililitunza mimi.

Halafu mwaka niliopata chuo, mchungaji akahamishwa. Kwetu ni jambo la kawaida, mchungaji ni wa kanisa zima, si mali ya ushirika mmoja. Barua ikaja, tukamfanyia ibada ya kuaga, akina mama wakalia, akapewa kuku na magunia ya mahindi, Kenta ikaja kubeba vyombo. Baada ya wiki mbili nami nikapanda basi la Dodoma. Na daftari nikalibeba.

Kwa nini nililibeba? Nisijipambe, haikuwa kwa uchungu wa huduma. Bumu lilikuwa halijatoka, hela ya madaftari sina, na ile kaunta buku nusu yake ilikuwa nyeupe. Nikaigeuza chini juu, nikaanza kuandikia nukuu za Historia ya Elimu kutokea nyuma. Nilijiambia nitairudisha Krismasi. Krismasi nauli ikapiga chenga. Pasaka nikawa na kazi za vikundi. Nikasahau kabisa.

Nilichokumbuka vizuri kilikuwa kulalamika. Kila nikipiga simu nyumbani naambiwa kutembelea watu kumekufa. Nami nikawa nadakia: "Mchungaji mpya hana moyo huo." Nilimsema mtu ambaye sikuwahi kukaa naye hata dakika moja. Kwenye kundi la vijana la WhatsApp tulifikia hatua ya kusema enzi za mchungaji wetu hazitarudi, kama vile tunamzungumzia marehemu.

Mwezi wa saba nikaenda BTP. Shule niliyopangiwa sitaitaja. Nilikabidhiwa kidato cha pili ambacho mwalimu wake alikuwa amehamishwa kabla sijafika. Hakuacha azimio la kazi, hakuacha andalio la somo hata moja. Sikujua wamefika mada gani. Nikiwauliza wanafunzi, nusu wanasema tulisoma, nusu wanasema hatukusoma. Wiki nzima ya kwanza niliitumia kutafuta nilipo. Jioni ofisini nilikuwa namchambua yule mwalimu mbele ya wenzangu: mtu gani anaondoka bila kukabidhi? Nilisema maneno makali kweli, na wakati wote huo lile daftari lilikuwa limekaa chini ya kitanda changu.

Nilipofika nyumbani Septemba, kabla sijaonana na mchungaji, nilikwenda kwanza kwa bibi mmoja aliyekuwa ukurasa wa mwanzo kabisa. Sitamtaja jina. Alikuwa akiishi na mjukuu wake wa kiume, na kwenye safu ya mahitaji nakumbuka nilikuwa nimeandika "sare, viatu, aulizwe shule". Tukifika Jumamosi tulikuwa tunakuta kigoda chetu ameshakitoa nje.

"Kamwene, bibi," nikasalimia.

"Kamwene, mwanangu." Akanitazama sana. "Mchungaji kuhamishwa nilisikia. Sikusikia kwamba na ninyi mmehamishwa."

Sikuwa na jibu. Nikauliza mjukuu yuko wapi. Akasema amekwenda kwenye mbao, upande wa Mafinga, na wenzake wawili. Aliacha shule akiwa kidato cha kwanza, mwezi wa pili. Nikauliza kwa nini, na ada si hakuna? Bibi akasema ada hakuna, lakini viatu vilichanika, na kiranja akawa anamrudisha getini. Kijana akaona aibu, akaacha. Basi, ni viatu tu.

Sisemi tungekuwa tunapita kila Jumamosi asingeacha. Sijui. Ninachojua ni kwamba mtu angeuliza. Na mimi nasomea ualimu, najua kuna Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unaoruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kurudi kwenye mfumo rasmi. Nimeujibia mtihani waraka huo, nikapata alama nzuri. Bibi hakuwahi kuusikia, kwa sababu wa kumwambia alikuwa Dodoma anaujibia mtihani.

Ndipo siku iliyofuata nikakaa na mchungaji kwenye lile benchi. Aliponiuliza, nilitaka kusema sijui. Ingekuwa rahisi, maana alinieleza kuwa watu wote wanaamini daftari lilikwenda na mchungaji wa zamani. Alikuwa amempigia simu mwenzake, naye akajibu alimwachia katibu wa vijana. Tangu siku hiyo alikuwa ananisubiri. Hakumwambia mtu.

"Ninalo mimi," nikasema. "Nimeandikia nukuu za chuo."

Nilitegemea anigombeze. Akacheka, akauliza nukuu za somo gani. Nikamwambia Historia ya Elimu. Akasema, "Basi mmemsoma Comenius."

Nikasema ndiyo, huyo namfahamu. Mzaliwa wa Moravia mwaka 1592, aliyetaka watoto wote wafundishwe, wa kike na wa kiume, tajiri na maskini, na aliyetoa kitabu cha shule chenye picha mwaka 1658. Hiyo iko kwenye desa la kila mwaka.

"Alikuwa askofu wetu," mchungaji akasema.

Kwa kweli sikujua. Nimebatizwa Moravian, nimemsoma Comenius semista nzima, hakuna aliyeniunganishia hivyo viwili. Mchungaji akanieleza: kanisa la Ndugu lilianzishwa Bohemia mwaka 1457, likaja kusambaratishwa kwa vita na mateso, na Comenius akaishia uhamishoni hadi kufa kwake Amsterdam mwaka 1670. Alikufa bila kuliona kanisa lake likisimama tena. Lakini alichokuwa nacho alikuwa amekiandika: utaratibu, historia, maombi. Na uaskofu ulipokezanwa hadi kwa mjukuu wake, Daniel Ernst Jablonski, ambaye mwaka 1735 alimwekea mikono David Nitschmann, askofu wa kwanza wa kanisa lililofufuka. Kati ya kifo cha babu na siku hiyo ni miaka 65.

Halafu akaja nyumbani zaidi. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku mwaka 1916, Wajerumani wale walikamatwa na kuondolewa, wakaanza kurudi miaka ya ishirini. Waskoti wa Livingstonia, Nyasaland ya wakati huo, walisaidia kusimamia, lakini ibada na vishule vya vijijini vilishikwa na walimu na wainjilisti wenyeji. "Huo ndio uhamisho," mchungaji akasema. "Wameondolewa wote kwa mpigo, na kazi haikufa. Sasa sisi kahamishwa mtu mmoja, na tumeshindwa."

Alisema "tumeshindwa". Hakusema "umeshindwa". Hapo ndipo niliposikia aibu hasa.

Wadau, nimelifikiria sana jambo hili tangu nirudi chuo. Tumezoea kusema kazi fulani imekufa kwa sababu fulani ameondoka. Mkuu wa shule kahamishwa, klabu ya masomo imekufa. Mwenyekiti kahitimu, kikundi kimekufa. Tunamlaumu aliyeondoka au aliyekuja. Mara nyingi anayepaswa kuulizwa ni sisi wa katikati, tuliokuwepo kabla na baada. Mchungaji wa zamani aliacha daftari. Mchungaji mpya alilitafuta. Katikati nilikuwepo mimi, nimelikalia.

Nilipofika hosteli nililitoa begini. Wazo la kwanza lilikuwa kupiga picha kurasa zote na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp, dakika tano kazi imekwisha. Nikasita. Mle ndani kuna nani anatumia dawa, nani mumewe anampiga, nani hana chakula. Watu walituambia mambo hayo wakiwa wamekaa na sisi kwenye kigoda, hawakuliambia kundi lenye watu mia. Nikalifunga daftari kwenye bahasha, nikaipitisha gundi kotekote, nikalituma kwa basi hadi stendi ya Makambako, likapokelewa na mzee wa kanisa. Nukuu zangu za Comenius sikuzichana. Nilizinakili kwanza, zile nyingine zimebaki humo humo, nyuma, chini juu.

Sasa wana madaftari mawili. Moja linatembea, jingine linakaa kabatini ofisini, na kila mwisho wa mwezi vijana wawili wanakaa kunakili. Katibu mpya ni binti wa kidato cha nne. Wiki iliyopita alinipigia kuniuliza kaya ya ukurasa wa 14 iko kijiji gani, maana mwandiko wangu hausomeki. Nikamwelekeza. Akaniambia pia kwamba mchungaji mpya huenda mwenyewe kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa miguu. Yule niliyesema hana moyo.

Mjukuu wa bibi bado yuko kwenye mbao. Mchungaji amepata namba ya simu ya mtu anayefanya naye kazi, na mkuu wa shule amekubali kumpokea Januari akija. Viatu nimenunua, bumu lilipotoka, na bibi ameshavipokea. Kama atakuja, sijui.

Uchaguzi wetu hapa chuoni unakaribia, na wengi wenu mnaachia nafasi kwenye vyama, vikundi, kwaya na klabu. Hamtakiwi kubaki, mtu huhitimu na kuondoka. Ila kabla hujafunga begi, angalia chini kabisa kuna nini ambacho si chako. Na wewe unayeingia, kabla hujasema waliokutangulia hawakufanya kitu, waulize daftari liko wapi.