Njia za Maktaba Katika Ujenzi wa Programu

Maktaba ya programu ni faili lenye vipande vya msimbo vilivyokwisha kukompailiwa, ambavyo programu nyingi huvitumia bila kuviandika upya. Katika mfumo wa Unix wa miaka ya 1970, maktaba zilikaa kwenye folda za /lib na /usr/lib, na kiunganishi (linker), zana inayounganisha msimbo wa maktaba na programu, kilizitafuta humo. Mwandishi wa programu alipoandika -lm kuomba maktaba ya hisabati, kiunganishi kilifungua libm.a kikanakili sehemu zilizohitajika. Baadaye ikaja -L, ya kutaja folda nyingine. Ujenzi ukiisha, njia haikuwa na kazi tena, kwa kuwa msimbo wote ulikuwa ndani ya programu.

Hali ilibadilika maktaba za pamoja zilipoenea, kama katika SunOS 4.0 ya mwaka 1988. Msimbo ulibaki kwenye faili lake la .so, na programu ikaupakia kila inapoanza. Nafasi ya diski iliokolewa, lakini sasa njia ikatakiwa mara mbili: wakati wa kujenga na wakati wa kuendesha. -L hushughulikia ujenzi peke yake. Tuseme libpicha.so imewekwa /opt/picha/lib, na programu ikajengwa kwa -L/opt/picha/lib -lpicha. Ujenzi unapita bila kosa. Programu ikianzishwa, inagoma kwa kuwa libpicha.so haionekani. Amri ya ldd huorodhesha maktaba zote na mahali kila moja ilipopatikana, hivyo iliyokosekana hujulikana mara moja.

Dawa ya haraka ilikuwa LD_LIBRARY_PATH, kigezo cha mazingira kinachotaja folda za kutafutia maktaba programu inapoanza. Ubaya wake ni kwamba huathiri kila programu inayoanzishwa kutoka terminali kilipowekwa, na huweza kuiletea programu nyingine toleo la maktaba lisiloifaa. Kwenye Linux, dawa za kudumu ni mbili: kuandika folda katika ld.so.conf kisha kuendesha ldconfig, au kuiweka njia ndani ya programu yenyewe kwa rpath. Rpath ikiandikwa $ORIGIN/../lib, huhesabiwa kuanzia programu ilipo, na folda nzima huweza kuhamishwa.

Kuandika njia kwa mkono hushindikana kompyuta zinapotofautiana: Fedora hutumia /usr/lib64, Debian /usr/lib/x86_64-linux-gnu, na Homebrew kwenye Mac zenye chipu ya M1 hutumia /opt/homebrew. Kwa sababu hiyo hutumika zana za kuiuliza maktaba yenyewe. Kwa pkg-config, maktaba huja na faili la .pc linalotaja njia zake. CMake, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, hutumia find_package, na mjenzi huongeza mahali pa kutafutia kupitia CMAKE_PREFIX_PATH.

Hata hivyo, CMake huweka rpath ndani ya programu iliyo kwenye folda ya ujenzi, kisha huifuta rpath hiyo wakati wa kusakinisha. Programu iliyofanya kazi wakati wa majaribio huweza kugoma baadaye, isipokuwa CMAKE_INSTALL_RPATH imeandikwa.