Nje ya Ua wa Lanet

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Uwanja wa ndege nao ni mgeni, tena mgeni asiyekuja peke yake. Huandamana na barabara, mabomba ya maji, nyaya za umeme na mitaro. Je, mwenyeji wake hupona?

Huko Lanet, mashariki mwa jiji la Nakuru, kuna kiwanja cha ndege cha kijeshi. Jina la Lanet liliingia katika historia ya Kenya mnamo Januari 1964, askari walipoasi kambini wiki chache tu baada ya uhuru. Kwa miaka mingi sasa pamekuwa na mipango ya kukipanua kiwanja hicho ili kihudumie abiria wa kiraia. Sababu yake haihitaji kurunzi. Nakuru ilitunukiwa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ilhali wakazi wake wamezoea kufuata ndege Nairobi, yapata kilomita 160, au Eldoret, mwendo unaokaribia huo.

Upanuzi unapotajwa, fikra za wengi hukimbilia njia ya kurukia ndege. Hata hivyo, kazi nzito imo nje ya ua. Barabara kuu itokayo Nairobi tayari imeelemewa na malori yaendayo Uganda. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, hivyo kuchimba kisima pekee si jawabu. Aidha, lami hainywi maji ya mvua, na udongo wa majivu ya volkeno humomonyoka upesi. Maji hayo hatimaye huteremka Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kutokea, lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1990. Mafuta na taka zikifika humo, hazina pa kwenda. Mtaro, basi, hauna budi kutangulia lami.

Lakini lipo jambo jingine lisilochorwa kwenye ramani, nalo ni lugha. Chukua mfano wa mkulima anayeambiwa barazani kwamba nyaya za umeme zitapita shambani mwake. Je, ardhi yake inatwaliwa, au inapitiwa tu? Ikitwaliwa, hati ya umiliki inamtoka, na Katiba ya 2010 inataka alipwe fidia ya haki bila kucheleweshwa. Ikipitiwa, ardhi inabaki yake, ila hataruhusiwa kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu chini ya nyaya hizo. Watanzania huliita eneo kama hilo mkuza. Mkulima wa Mbaruk akisomewa istilahi ya Kiingereza peke yake, atatia sahihi asichokijua. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini akupaye mkataba anapaswa kukuchagulia lugha unayoielewa.

Wala si kwamba sheria imenyamaza. Kanuni za tathmini ya athari za kimazingira za mwaka 2003 zinaagiza mikutano isiyopungua mitatu na wanaoathiriwa, pamoja na matangazo ya redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Isitoshe, Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kinachopungua ni maneno yaliyo tayari na watu wa kuyapeleka barazani.

Hapo ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapodaiwa. Mijadala ya istilahi haina budi kutoka katika kumbi za mihadhara na kufika Lanet, Mbaruk na Dundori kabla ya vigingi vya wapimaji kupigwa. Mhandisi atapima mwinuko wa ardhi, naye mwanaisimu apime kama mwenye ardhi ameelewa. Mwenyeji asiyeelewa salamu ya mgeni hawezi kupona kwa ujio wake.