Barua kutoka London: Nyimbo za Wakuja Wawili

Ndugu zangu wa barazani,

Nimefikia kwa mpwa wangu huku Stratford, na leo ni siku yangu ya tano. Dada Mkubwa aliniagiza nisirudi Tanga bila kusimulia kila nilichokiona kuhusu Pet Shop Boys, wale wanamuziki wetu wawili. Basi kaeni mkao wa kusikiliza.

Nilianzia King's Road, mtaa wa Chelsea. Mwalimu, unakumbuka tulivyobishana juu ya mahali walipokutana? Ni barabara hii, Agosti 1981, ndani ya duka la vifaa vya elektroniki. Neil Tennant alikuwa na miaka 27 na kazi yake ilikuwa uhariri wa vitabu. Chris Lowe alikuwa na 21, mwanafunzi wa usanifu majengo. Wakaanza kuzungumza habari za sinthesaiza na disko, na mpaka leo wangali pamoja. Siku hizi barabara imejaa maduka ya nguo ambazo bei yake inatisha. Sikukaa sana.

Siku ya pili ndiyo iliyonikaa moyoni. Nilivaa vipokea sauti, nikatoka Piccadilly kwa miguu mpaka Whitechapel, huku "West End Girls" ikijirudia. Miaka yote hii nimeusikia wimbo ule kama hadithi ya wasichana wa uzunguni na vijana wa uswahilini, na sikukosea. Lakini kuujua kwa kuambiwa ni tofauti na kuupitia kwa nyayo. Upande wa magharibi ni kumbi za tamthilia, taa, hoteli zenye mabawabu. Unapita katikati ya mabenki, kisha ghafla uko sokoni Whitechapel, wauzaji wengi asili yao Bangladesh, bamia na maembe yamepangwa mezani, adhana inasikika kutoka msikitini. Mapigo ya wimbo ni ya mtu anayetembea. Na Neil haimbi beti zile, anaghani! Mwenyewe amewahi kueleza kwamba alivutiwa na "The Message" ya Grandmaster Flash. Walirekodi kwanza na Bobby Orlando, wimbo ukatoka 1984 bila kishindo Uingereza. Wakaurekodi upya na Stephen Hague, na Januari 1986 ukashika namba moja hapa, kisha Mei ukashika namba moja Marekani.

Sasa nisikilizeni. Hawa wawili si wenyeji wa London. Neil ametoka North Shields, mdomoni mwa mto Tyne, kaskazini kabisa. Chris ni wa Blackpool, mji wa pwani ambako watu huenda kutembea wakati wa likizo. Waliuandika mji huu wakiwa wakuja, kwa macho ya mtu anayehesabu taa za mji usio wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: London imesimuliwa vizuri na waliofika na begi mkononi. Mimi niliposhuka Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 1988 na sanduku la bati, kanda yao ilikuwa ndani ya sanduku hilo. Nadhani ndiyo maana walinishika mapema.

Nikaenda pia stesheni ya King's Cross, kwa sababu treni za kutoka Newcastle, jirani na kwao Neil, huishia pale. Mnaujua wimbo wenye jina la stesheni hii, unaofunga albamu ya Actually, ya 1987. Unahusu watu wanaofika mjini na matumaini, wakakuta hakuna wa kuwapokea. Miezi miwili tu baada ya albamu kutoka, Novemba 18, moto ulizuka katika stesheni ya chini ya ardhi palepale na watu 31 wakafa. Nilikaa kwenye benchi nikausikiliza mara moja tu. Mara ya pili sikuweza. Kando yangu kijana mmoja alishuka na mabegi mawili, akasimama akitazama ubao wa treni muda mrefu.

Kaka wa Chuda, wewe hupenda kusema muziki wa mashine hauna damu. Nakuomba kwa heshima zote ukae na "Being Boring" usiku mmoja, peke yako. Ulitoka 1990. Neil aliuandika akimkumbuka rafiki yake wa ujana aliyefariki kwa ukimwi. Hapigi kelele, halii. Anaanza na sherehe za ujanani, anafika kwenye safari ya treni, mwisho anawataja wasiokuwapo tena. Kinanda kinabaki palepale, kimetulia, kama mtu anayejizuia mbele ya watoto. Sisi tuliokuwa vijana miaka ile tunajua vizuri ni nyuso zipi zinazokuja. Kwenye picha yetu ya ufukwe wa Raskazone tulikuwa saba. Hesabuni tuliobaki.

Uingereza wimbo huo haukupanda hata kumi bora, uliishia namba 20. Kwangu mimi ndio mkubwa kuliko zote walizorekodi, hata kuliko zile nyimbo nne zilizofika namba moja hapa. Kesho naelekea Blackpool kwa treni kuona mnara wao wa 1894, na ule ukumbi wa dansi uliomo ndani yake. Babu yake Chris alikuwa mpiga tromboni, na Chris naye alipuliza tromboni alipokuwa mdogo. Wakimwona amesimama kimya nyuma ya kinanda, ndani ya miwani na kofia, watu husema hafanyi kitu. Wasikilize vizuri: nusu ya huzuni ya nyimbo hizi imo katika mkono wake.

Jana nilipita mtaa wa Berwick, Soho, penye maduka ya santuri, nikapata Behaviour, albamu yenye "Being Boring", kasha lake bado zuri, lile la mawaridi. Nimeifunga ndani ya kanga, haitavunjika. Dada Mkubwa, naomba sindano ya gramafoni ibadilishwe kabla sijafika. Jumamosi saa kumi jioni tukutane kwako wote, na Kaka wa Chuda asikose. Tutaanza upande wa kwanza, wimbo wa kwanza.

Wenu, kutoka Stratford.