Bibi Aliyejifunza Nyumba ya Samaki

Sisi tulizaliwa kando ya ziwa Tanganyika. Tulipokuwa watoto tulivuta chandarua ufukweni pamoja na wenzetu, tukajaza ndoo visamaki vidogo kama kucha. Tulifurahi sana. Hatukujua kwamba tulikuwa tukila mbegu. Tulielewa baadaye, siku tuliposoma habari za bibi mmoja Mwingereza, Rosemary Lowe.

Bibi huyo alizaliwa mwaka 1921 mjini Liverpool, akasoma elimu ya viumbe katika chuo kikuu cha mji huo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye ziwa Windermere, kuchunguza samaki warefu wenye umbo la nyoka, washukao mtoni kwenda baharini. Aliona kwamba husafiri usiku wa giza, na mwanga huwazuia. Wavuvi wa kwetu hawatashangaa, maana wao huwasha taa na kuvua ndagala usiku usio na mwezi.

Mwaka 1945 alipelekwa Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi, achunguze samaki wa ziwa Nyasa, hasa chambo, ambao ni wa jamaa ya tilapia. Alifanya kazi hiyo hata mwaka 1947. Mtu apitaye sokoni huona chambo wote ni sawa. Lakini wavuvi walijua kuwatenga. Aina moja waliiita lidole. Bibi Lowe aliwafuata samaki hao kwa uvumilivu, akaona kwamba kila aina ina majira yake ya kuzaa na mahali pake pa kuzalia.

Tazameni basi nyumba ya chambo. Dume huchimba shimo mchangani. Jike huja, hutaga, kisha huyachukua mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe. Hata baadaye, hatari ikitokea, watoto hukimbilia kinywani mwa mama. Wako samaki watagao mayai maelfu kwa maelfu na kuyaacha majini. Chambo hutaga machache na kuyalea. Kwa hiyo ukimvua mama huyo wakati wa ulezi, umeondoa jamaa nzima. Kumjua kiumbe pamoja na makao yake, chakula chake na jirani zake, ndiyo elimu iitwayo ekolojia.

Mwaka 1948 alihamia Jinja, Uganda, pale mto Nile unapotoka katika ziwa Victoria, katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika ya Mashariki. Alichunguza tilapia wa maziwa na mito mingi, hata wa ziwa Jipe na mto Pangani. Lakini mwaka 1953 aliolewa na Richard McConnell, mtaalamu wa mawe. Kumbe, sheria ya utumishi wa kikoloni ilisema mwanamke akiolewa aache kazi. Mwanamume akioa haachi! Ikambidi kujiuzulu.

Je, alikaa bure? Hata kidogo. Alimfuata mumewe Guiana ya Waingereza, Amerika ya Kusini. Huko alichunguza samaki wa mbuga za Rupununi, ambao wakati wa mvua huenea katika nchi iliyofurika, na wakati wa kiangazi hufungwa katika vidimbwi. Baada ya kurudi Uingereza alifanya kazi bila mshahara katika jumba la makumbusho ya viumbe, London. Mwaka 1975 na mwaka 1987 alitoa vitabu vikubwa juu ya samaki wa maji baridi ya nchi za joto. Alifariki mwaka 2014, mwenye miaka 93.

Hapa habari yake ilitugusa. Sisi nasi tunafundisha watoto kijijini, na malipo yetu ni kuku, au mkungu wa ndizi. Mwaka mmoja tulivitia vitabu sandukuni, tukaazimia kuacha. Hatusemi kwamba kukosa mshahara ni jambo jema. Sheria ile ilikuwa dhuluma, na bibi huyo alikuwa na mume mwenye kazi. Lakini tulijiuliza: kazi hii ni ya nani? Sheria ilimwondolea cheo, haikumwondolea macho yake. Tukafungua sanduku.

Juzi mwanafunzi mmoja alituletea samaki aliyemvua kwa ndoana, angali hai. Kinywa kilikuwa kimejaa watoto. Akauliza, “Mwalimu, tufanye nini?” Tulijua kwamba nyumbani kwao mama alingojea kitoweo, na kwamba jioni hiyo wangekula ugali na majani. Tulimweleza habari za kinywa hicho, kisha tukanyamaza, maana samaki alikuwa wake. Akatembea polepole mpaka majini, akamwachia. Jioni tulimpelekea mama yake mayai mawili ya kuku.