Ngozi Isiyo Ngozi: Wimbo wa Roki Nzito katika Sikio la Tunduma

Aghalabu roki nzito huelezwa kwa kishindo chake: gitaa la umeme linalokwaruza kwa makusudi, ngoma zinazopigwa kwa nguvu, sauti inayotisha. Maelezo ya namna hiyo huisahau lugha. Wimbo "Nizakupanga Ngozi" wa bendi ya Ngozi Family ya Zambia, uliotoka mwaka 1977, unadai uchunguzi wa aina nyingine, hasa ukisikilizwa Tunduma, mji wa mkoa wa Songwe unaopakana na Nakonde.

Kiongozi wa bendi hiyo, Paul Dobson Nyirongo, aliyejulikana zaidi kwa jina la Paul Ngozi na kufariki mwaka 1989, alikuwa miongoni mwa vijana walioipokea roki ya kina Jimi Hendrix na Black Sabbath wakaifanya yao. Muziki huo, ulioitwa Zamrock, uliimbwa kwa Kiingereza na pia kwa lugha za Zambia.

Msikilizaji Mswahili hudhani amekwisha kuelewa. Katika *nizakupanga* anaitambua *ni-* ya nafsi ya kwanza, *-ku-* ya mtendwa na kitenzi *panga*. Tofauti iliyo wazi ni kiambishi cha wakati ujao: *-ta-* ya Kiswahili huhusishwa na kitenzi *taka*, ilhali *-za-* ya Kinyanja huhusishwa na kitenzi chenye maana ya kuja. Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Katika Kinyanja *panga* ni kufanya au kutengeneza, na *ngozi* si ya mwili wala ya ng'ombe, bali ni hatari au ajali. Basi maneno hayo ni onyo: nitakuletea madhara.

Kwa hiyo kitisho cha wimbo huu hakikuazimwa ng'ambo pamoja na magitaa. Kimo ndani ya neno la kila siku, na mwimbaji mwenyewe alilifanya jina lake na la bendi yake.

Oktoba 2024 mwanamuziki wa Marekani, Tyler, the Creator, alitumia sehemu ya wimbo huo katika "Noid", wimbo unaohusu hofu ya mtu anayehisi kuandamwa. Kinyanja kikasikika mbali sana na Lusaka. Msikilizaji wa huko alijua kwamba hajui, akalazimika kuuliza maana. Wa Tunduma yumo katika hatari ya pili: ujirani wa lugha humfanya asiulize.

Jambo hili si dogo. Tunduma ni njia ya malori yaendayo Lusaka na ya reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kinyamwanga nacho huzungumzwa pande zote mbili za mpaka. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika iliifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Lugha inayovuka mpaka kwa heshima hiyo haina budi kwenda na masikio pia. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta data za Kibantu linganishi wasizipuuze nyimbo zinazopigwa katika vibanda vya mpakani. Wakianza na neno moja tu, *ngozi*, watajifunza kwamba jirani anayefanana nawe kwa sura bado anastahili kuulizwa anasema nini.