Kila Simu na Jina Lake

Anayepiga simu ofisi ya parokia usiku mara nyingi ana mgonjwa anayeomba Mpako, au ana msiba. Ndiyo maana sisi tunaotunza simu za intaneti za ofisi mbili, Njombe na Makambako, tunaona kwamba hata faili dogo la mipangilio lina uzito wa kichungaji.

Sauti ya simu hizi hupita katika mtandao uleule wa kompyuta. Simu ikiwashwa, hupewa anwani, kisha huelekezwa kwenye seva yenye mafaili. Hapo huomba faili lake kwa jina. Jina hilo hutokana na namba ya kifaa iliyobandikwa mgongoni: alama 12, tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Kwa simu nyingi za Cisco, jina la faili huanza na SEP, ndipo ifuate namba hiyo. Kwa Yealink, namba hufuatwa na.cfg.

Faili la pamoja hubeba yaliyo ya wote: anwani ya mtambo, saa za Afrika Mashariki, lugha. Faili la kifaa hubeba yaliyo yake peke yake: namba ya ndani, neno la siri na jina la kuonekana kwenye kioo.

Fundi mmoja aliyetufungia simu alinakili faili la Njombe kwa ajili ya Makambako. Alibadilisha jina la faili na jina la kwenye kioo, akaacha ndani namba ya Njombe. Kwa kutazama, kila kitu kilikuwa sawa. Lakini kwa mtambo wetu, simu iliyojisajili mwisho ndiyo inayopokea. Jioni moja mama mmoja wa Njombe alimtafuta padre kwa ajili ya mzee wake. Simu ikalia Makambako, kilomita 60 hivi kutoka kwake, katika ofisi iliyokwisha kufungwa. Alipiga mara tatu. Mwishowe alimpata katekista, naye akapita kwenye baridi na ukungu kumgongea padre mlango. Mzee alipata Mpako akiwa bado anajitambua.

Tangu hapo hatuamini kioo. Tunalinganisha namba ya mgongoni na jina la faili, herufi kwa herufi, maana seva nyingine hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Tunasoma namba ya ndani na neno la siri, tunahifadhi, tunazima na kuwasha simu. Kisha tunapiga kutoka kila upande mpaka mwenzetu aitikie, "Kamwene!" Mafaili yenyewe hatuyaachi wazi, kwa kuwa maneno ya siri yamo humo.

Ndugu mafrateri, nasi katika malezi tuna ratiba moja, lakini Mchungaji Mwema huita kila mmoja kwa jina lake. Nanyi waamini, parokia yenu ikifungiwa simu, msiagane na fundi kabla kila moja haijalia mbele yenu.