Fataki Zinapogoma Kushuka

Fataki ya bastola ya 9mm ina upana wa milimita 4.45 tu. Ni kikombe cha shaba chenye tone la kemikali kavu ndani yake, na juu ya tone hilo kimelazwa kifuawe chenye miguu miwili au mitatu. Pini ya bunduki ikigonga mgongo wa kikombe, kemikali inabanwa kwenye kifuawe, inalipuka, na cheche inapita kwenye kitobo kwenda kuwasha baruti. Ganda, baruti na kichwa cha risasi vyote unaweza kuvipima, kuvirekebisha na kuvirudia. Fataki ukishaikandamiza ndiyo basi, haina marudio.

Huku Arizona ninakoishi, wapiga shabaha wengi hawatupi maganda. Wanayaokota uwanjani, wanayasafisha na kuyajaza upya kwenye gereji za nyumba zao. Sheria ya Marekani haimdai leseni anayejaza risasi za kupigia shabaha yake mwenyewe. Kibali anadaiwa anayejaza za kuuza. Kwetu Tanzania ukikutwa na meza kama yangu utakwenda kujieleza polisi, tena kwa haki kabisa, kwa hiyo ninayosimulia yabaki huku huku.

Aliyeniingiza katika kazi hii ni jirani yangu, mzee aliyestaafu jeshini. Alikuwa na mashine ya hatua moja, ile ambayo ukivuta mpini inafanya jambo moja tu: leo unang'oa fataki zilizotumika na kunyoosha maganda, kesho unapanua midomo, keshokutwa unatia baruti. Fataki hakuzitia kwenye mashine kabisa. Alikuwa na kifaa cha mkononi, mfano wa koleo lenye sinia ndogo juu. Unamwaga fataki kwenye sinia, unaitikisa taratibu, na mistari iliyochongwa chini yake inazigeuza zote zitazame upande mmoja. Kisha unachomeka ganda, unabonyeza kwa kidole gumba, fataki inaingia.

Kidole gumba hicho ndicho kilichokuwa mkaguzi. Tundu la ganda likiwa limechakaa kwa kupigwa mara nyingi, fataki ilizama bila ubishi wowote, na mzee alilitupa ganda hilo kwenye ndoo bila hata kulitazama. Likiwa la kijeshi, lile lenye alama ya msalaba ndani ya duara kwenye kitako, ukingo wa tundu huwa umebanwa kiwandani ili fataki isichomoke, na ukijaribu kuingiza mpya bila kuukwangua ukingo huo kidole kinakataa mapema. Mzee hakuwa na maelezo mengi. Aliniambia niache kutazama, nisikilize kidole.

Shida ya kifaa kile ilikuwa muda. Nilipoanza kwenda kwenye mashindano ya bastola, risasi nilizojaza jioni nzima ziliisha kabla ya saa sita mchana. Ndipo nikanunua mashine ya mfululizo.

Mashine za namna hiyo si ngeni. Star Machine Works ya San Diego ilikuwa ikizitengeneza tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, ila zilikuwa ghali na wateja wake wengi walikuwa polisi na vilabu. Aliyezishusha hadi kwenye gereji za watu wa kawaida ni Mike Dillon, rubani wa ndege za abiria aliyependa bunduki za rashasha na kuchoshwa na gharama ya kuzilisha. Alianza kwa kuuza vipuri vya kuiwezesha Star ijaze risasi za bunduki ndefu, kisha akatengeneza mashine zake mwenyewe hapa hapa Arizona. Kufikia miaka ya 1980 fundi wa kawaida aliweza kuwa nayo moja mezani. Sahani inazunguka na maganda kadhaa kwa pamoja, kila kituo kina kazi yake, na kila ukivuta mpini mara moja risasi moja iliyokamilika inaanguka kwenye kisanduku. Raha yake huwezi kumweleza mtu aliyezoea hatua moja.

Lakini kidole gumba hakimo tena. Fataki sasa inashuka kwenye mrija wa wima, inatua kwenye kikombe cha kitelezi, kitelezi kinaipeleka mbele chini ya ganda, na ukisukuma mpini kurudi juu ndipo inapandishwa kwenye tundu. Safari yote hiyo iko gizani, chini ya sahani, mahali ambapo hata ukiinama na tochi unaona nusu tu.

Kujaza mrija wenyewe ni ibada. Unageuza fataki kwenye sinia, kisha unazidonoa moja moja kwa ncha ya mrija mwembamba kama kuku anavyodonoa mtama, mpaka zifike 100. Halafu unaweka mrija huo juu ya mrija wa mashine, unachomoa pini, zote zinateremka kwa mchakacho mmoja. Mrija wa mashine umevikwa bomba nene la chuma, na si pambo: fataki moja ikilipuka humo, zilizo juu yake hufuata, na bomba lipo ili mlipuko utoke kwa juu, usiende usoni kwa mtu. Kwa sababu hiyo miwani ya kazi haivuliwi mezani, na mrija uliokwama haudungwi kwa waya. Wa kwangu mmoja ulipokwama mzee aliumwagia mafuta ya kutosha, akauacha ulowe, kisha akautupa mzima mzima. Mafuta huweza kuua fataki. Huweza kuziua hata usipotaka, kwa hiyo njia yote ya fataki hailainishwi kwa mafuta wala grisi. Husafishwa kwa spiriti, ikabaki kavu.

Kasoro iliyonifundisha mengi kuliko zote ilianza na punje chache za baruti juu ya sahani. Nilizipangusa, nikaendelea. Baada ya muda zikarudi. Baruti ya bastola ninayotumia ina punje ndogo za mviringo, na mara hii ilifika pale kwa njia moja: ganda limetiwa baruti wakati tundu lake halina fataki, punje zikavuja kupitia kitobo cha moto. Kwa hiyo punje zile zilikuwa taarifa. Bahati mbaya taarifa yenyewe huharibu mashine. Punje zinaangukia kwenye njia ya kitelezi, kitelezi kinarudi nyuma lakini hakifiki mwisho, kikombe kinasimama unywele mmoja kabla ya mdomo wa mrija, na fataki inayofuata haishuki. Ganda la pili nalo linakosa, baruti zaidi inavuja. Mtu akitazama hali hiyo atasema mashine imeharibika ghafla, kumbe imekuwa ikijiziba yenyewe polepole tangu ganda la kwanza.

Niliipekua kwa mpangilio, mafunzo ya kazini kwangu kiwandani yakinisaidia. Kwanza nilitoa fataki zote kwenye mrija. Nikang'oa kitelezi, nikakipangusa pamoja na njia yake, nikakirudisha kikiwa kitupu, nikavuta mpini taratibu huku nikitazama kama kinarudi mpaka kugonga mwisho. Kilirudi. Basi swali likawa lile ganda la kwanza lilikosaje. Nikachomoa mrija na kuitazama ncha yake ya chini, kipande cha plastiki chenye vidole vinavyoshikilia fataki mpaka kikombe kifike. Kidole kimoja kilikuwa kimepinda. Kipuri cha bei ya soda, na bila hicho mashine nzima ni chuma cha kushikia mlango. Tangu siku hiyo nina ncha za akiba kwenye droo, na nikiona punje moja juu ya sahani nasimama papo hapo.

Fataki iliyoingia kichwa chini au ubavu husababishwa na mambo yayo hayo: ncha iliyochakaa, kikombe kisicholingana vizuri na mrija, au mrija usiosimama wima sawasawa. Nyingine hazina fumbo lolote, ziligeuka kwenye sinia wakati wa kudonoa na hakuna aliyeziona. Hapo juu ya mrija huwa kuna fimbo nyepesi inayoshuka pamoja na fataki na kuzikandamiza kidogo. Watu huidharau wakidhani ni ya kuonyesha zimebaki ngapi tu. Iondoe uone fataki za mwisho zinavyosuasua.

Fataki iliyokaa juu ni habari nyingine, na hiyo ndiyo ninayoiogopa. Inatakiwa isawazike na kitako cha ganda au izame kidogo sana. Ikibaki imechomoza, mara nyingi inagoma: pigo la kwanza la pini linamalizikia kuisukuma ndani, na ukirudia ndipo inalipuka. Kwenye rivolva huzuia silinda isizunguke. Kwenye baadhi ya bunduki zinazojipakia zenyewe inaweza kulipuka kabla ya wakati wake. Mara nyingi kosa liko kwenye mkono. Wengi wanavuta mpini chini kwa nguvu zote, kwa kuwa huko ndiko kuna kazi nyingi inayoonekana, kisha wanaurudisha juu kwa uvivu, na fataki inapachikwa kwenye kurudi. Mzee alikuwa akisimamisha risasi zake juu ya kipande cha kioo. Yenye fataki ya juu inayumba.

Halafu kuna maganda yenyewe. Risasi ya .45 tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na fataki kubwa, ya milimita 5.33, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza. Baadaye viwanda kadhaa vya Marekani vikaanza kutoa .45 zenye tundu dogo, na sasa zimechanganyika uwanjani zote zikiwa na sura moja. Mashine iliyofungwa kwa fataki kubwa ikikutana na ganda la tundu dogo, mpini unagoma katikati. Katika mtindo wa mfululizo nguvu ya kusukuma inatoka begani, na bega halina akili. Kanuni ya mzee ilikuwa kwamba mpini ukikataa, hubishani nao.

Uhaba ulioanza mwaka 2020 ulizidisha mambo. Rafu za fataki zilikuwa tupu, maduka yaliuza kwa mgawo, na bei ikapanda kupita akili. Nilinunua chochote kilichopatikana. Kabla ya hapo nilitumia aina moja na mashine ilikuwa imeizoea. Sasa kila boksi lilikuwa na tabia yake, hizi zikiteleza, zile zikiingia kwa kubana. Mwishowe nikawa na daftari: aina ya fataki, aina ya ganda, na jinsi mpini ulivyohisika.

Karibu na wakati huo mashine zenyewe zilikuwa zikibadilika, na si mbele peke yake. Mashine ya Dillon ya XL 650 ilikuwa na sahani ya duara inayobeba fataki, na kila mvuto ilisogea hatua moja hata kama hakuna ganda, fataki isiyotumika ikatemwa kwenye kikombe pembeni. XL 750 iliyoifuata mwaka 2019 iliiacha sahani hiyo na kurudia kitelezi cha kwenda na kurudi, cha ukoo wa mashine yao ya zamani, 550. Wengine wameongeza mota, na vihisio vinavyosimamisha kila kitu fataki ikikosa kushuka.

Rafiki yangu wa Mombasa anayeishi Phoenix ana mashine ya aina hiyo ya mota. Hukaa kitini akinywa chai huku risasi zikianguka. "Kaka, we bado wavuta mpini?" hunicheka. Kihisio chake hujua kama fataki ipo. Hakijui kama tundu limelegea. Za 9mm nazipitisha kwenye mashine kwa kuwa ni nyingi na maganda yake nayafahamu. Maganda ya .45 nayachambua kwanza, yenye tundu dogo upande huu, yenye tundu kubwa upande ule, kisha natia fataki kwa kifaa cha mkononi nikiwa sebuleni, naenda kuyamalizia gereji na mrija wa mashine ukiwa mtupu.